Kompyuta ya Mwanangu na Flashi ya Redio

Jumatatu, tarehe 3

Daftari, hujambo. Mwanangu aliyekununua alisema niandike kila siku ili mkono usisahau herufi. Mimi niliishia darasa la nne na sijawahi kuandika kitu kisicho barua, kwa hiyo lazima nikusalimu kwanza, la sivyo kalamu haitembei. Mimi ni mzima. Mzee wangu ni mzima, yuko kitini na redio yake, anakusalimu, ingawa anasema daftari halisalimiwi. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, anakusalimu sana. Anachambua mchele mlangoni na anauliza kama una watoto. Paka mzima. Cherehani nzima, ila inaruka mshono. Wifi yangu, dada yake Mzee, anayekaa ng'ambo ya ua na ana duka la kuchapa na kutoa kopi, tunamwita Shangazi kwa ajili ya mtoto. Yeye hakusalimu. Hajui kama upo, na asijue.

Salamu zimekwisha. Sasa habari. Nimeua kompyuta.

Si kwa kusudi! Mwanangu anasomea mambo ya maji. Mwaka mzima amepima visima na kuandika ripoti, na ripoti yote imo ndani ya kompyuta hiyo. Jumatatu ijayo anaipeleka chuoni. Asipoipeleka anarudia mwaka. Jana alikwenda kupima kisima cha mwisho, huko ambako hakuna umeme, na kompyuta akaiacha mezani inajisasisha. Akaniambia: mama, usiifute vumbi, usiifunike, usiizime, ukipita pita mbali.

Nilipita mbali. Mara tatu. Mara ya nne nikasikia inahema.

Nikadhani baridi. Nikaifunika kwa kitambaa kile cheupe nilichofuma mwenyewe. Ikahema zaidi. Nikaigusa tumboni: moto! Kioo kimeandika "Usizime kompyuta", asilimia arobaini na moja. Nimelea mtoto mwenye homa, najua arobaini na moja maana yake nini. Nikachomoa waya. Betri yake ilikwisha kufa zamani, kwa hiyo ikanyamaza papo hapo. Nikaiambia pumzika.

Mchana nikairudishia waya. Kioo cheusi. Mstari mmoja wa maandishi meupe, na kistari kinakonyeza. Nimekaa nacho mpaka chai ya jioni. Kinakonyeza tu.

Jumanne, tarehe 4

Sikulala vizuri. Bibi kaniuliza nina nini, nikamwambia mgongo. Mzee kaniuliza, nikamwambia tumbo. Itabidi nikumbuke nani nilimwambia nini.

Mtu wa kuniokoa yupo, tatizo ni mahali alipo. Fundi anatengeneza simu kwenye baraza la duka la Shangazi, hatua tatu kutoka kwenye sikio lake. Na Shangazi akijua, mwanangu atasikia kabla hajavua viatu. Huyu wifi yangu mpaka leo anasimulia sare ya harusi niliyoikata mikono miwili ya kushoto. Miaka kumi na tisa!

Nikabuni njia. Nilikwenda na simu yangu nzima kabisa, nikamwambia Fundi inakwama. Fundi ni mseja wa miaka hamsini na kitu, mpole, kijiti cha meno hakimtoki mdomoni. Alipokuwa anaitazama simu, nikasema kama napiga soga tu kwamba kuna mama mmoja, wa mbali, si wa mtaa huu, kompyuta yake imegoma kuamka. Fundi akauliza huyo mama ana vitu vya maana ndani. Nikajibu hana kitu, tupu kama sufuria iliyooshwa. Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nilitaka tu asiulize zaidi.

Akasema basi kazi rahisi. Kompyuta imesahau namna ya kuamka yenyewe, iamshwe kwa nje. Unachukua flashi, unaitia mfumo mzima wa kuendesha kompyuta, upo wa bure unaitwa Linaksi, unaichomeka, unaiwashia humo. Faili la mfumo huo na programu ya kuliandikia vyote viko kwenye kompyuta ya Shangazi, katika folda yake yeye Fundi. Akasema mlete huyo mama nimfanyie. Nikasema ana aibu mno. Basi akaniandikia karatasi, hatua kwa hatua, maneno ya kompyuta na maana yake pembeni. Mwisho kabisa: "Bonyeza Sakinisha, kubali kila kitu, amekwisha pona."

Simu yangu kanirudishia. Kasema haina kitu. Nikamshukuru kwa kuitengeneza.

Jumatano, tarehe 5

Mambo mawili yalitakiwa. Flashi, na saa moja mbele ya kompyuta ya Shangazi.

Flashi zinauzwa kwa Shangazi peke yake, naye huuliza ya nini, ya nani, na kwa nini. Lakini nyumbani kwetu flashi ipo! Imechomekwa kwenye redio ya Mzee, ina nyimbo zake za dansi za zamani, mia mbili na kumi. Alipokwenda kunyolewa nikaichomoa. Karudi, kabonyeza, kimya. Kaipigapiga redio mgongoni. Kaisikiliza kwa sikio kama daktari. Nikajifanya natafuta sindano.

Saa moja ya kompyuta niliipata kwa kumwambia Shangazi nataka kujifunza kuchapa. Uso ulimng'aa. Akasema amesubiri tangu nilipoolewa nitake kujifunza kitu. Akanikalisha wima, akashika rula, kila nikitazama vidole ananigonga bega. Kazi niliyopewa ni kuandika "Mimi ni mwanafunzi mwema" mara hamsini. Saa saba, kama kawaida yake, akaenda kupeleka kazi za watu maofisini.

Mara ya kumi na mbili nikaacha wema. Nikafungua folda ya Fundi. Faili nikaliona, kubwa, nikalikamata kwa kipanya, nikalivuta mpaka kwenye flashi, nikaliachia. Robo saa tu likaingia. Nikajiambia kumbe ndiyo hii tu, watu wanasomea miaka mitatu!

Nyumbani nikamweka Bibi kwenye swichi ya ukutani. Karatasi ya Fundi inasema kitufe cha F12 kipigwe mara tu inapowaka, mfululizo, kabla haijapata kufikiri, na mimi mikono yangu miwili haitoshi kwa hofu. Bibi hakuuliza lolote. Alifurahi kupewa kazi ya umeme. Nikasema washa, akawasha. Nikapiga kitufe kama napiga mbu. Orodha ikatokea. Nikachagua flashi.

Kioo cheusi. Kistari. Kinakonyeza.

Bibi akasema tuzime tuwashe tena. Tulifanya hivyo mara nane. Yeye angeendelea.

Alhamisi, tarehe 6

Nilimpelekea Fundi habari za yule mama wa mbali. Nikasema amevuta faili, ameliweka kwenye flashi, na bado. Fundi akatoa kijiti mdomoni ili acheke vizuri.

"Mama, mteja akikuletea kitambaa ndani ya mfuko, utamwambia vaa gauni hili?"

Hapo nikaelewa! Nilikuwa nimeweka kitambaa kwenye mfuko. Hakijakatwa, hakijashonwa. Faili lazima liandikwe kwa ile programu, alikuwa ameniandikia hatua ya tatu. Hatua ya tatu niliiruka, ilikuwa na maneno mengi.

Saa saba, Shangazi kaondoka, nikaingia tena kuwa mwanafunzi mwema. Nikafungua programu. Ikaniuliza niandike kwenye nini, ikaniletea orodha, nikachagua flashi. Nikabonyeza Anza. Kikatokea kisanduku. Kwa mujibu wa karatasi ya Fundi kinasema: vitu vyote vilivyomo vitafutwa, je, una uhakika?

Daftari, mimi katika maisha yangu sijawahi kuwa na uhakika. Hata mlango nikiufunga narudi mara mbili kuutikisa. Na vitu vyote maana yake nyimbo za Mzee. Alinioa kwa wimbo wa kumi na nne. Mtu mwenye adabu anaulizwa kama afute mali ya mwenzake anajibu nini? Nikabonyeza Hapana. Kisanduku kikaondoka. Nikasubiri ianze. Haikuanza. Nikabonyeza Anza. Ikaniuliza tena. Nikajibu Hapana, kwa upole zaidi. Tulibishana hivyo mpaka nikasikia viatu vya Shangazi barazani.

Akahesabu sentensi zangu. Sita. Akasema kwa heshima zote, wifi, huna kipaji.

Mzee leo alikula bila nyimbo. Redio imekaa mbele yake kama maiti. Roho iliniuma, nikamwongezea nyama.

Ijumaa, tarehe 7

Nimepata akili bafuni! Nyimbo nizihamishe kwanza, nizifiche mahali, kisha niwe na uhakika.

Saa saba na dakika tano nilikuwa kazini. Nyimbo zote mia mbili na kumi nikazivuta nikazitia kwenye folda ya Fundi, maana ndiyo folda pekee ninayoijua njia yake. Nikarudi kwenye programu. Anza. Kisanduku kile. Nikafumba macho, nikamtaja Mungu, nikabonyeza Ndiyo.

Ikaanza! Mstari wa kijani ukawa unatambaa. Asilimia tano. Ishirini. Ilipofika arobaini na moja mkono ulinitoka wenyewe kwenda kwenye waya. Nikaukalia. Kwa kweli, niliukalia mkono wangu wa kulia mpaka ukafa ganzi. Sabini. Tisini. Imekamilika! Nikaichomoa, nikaitia kifuani, nikaandika sentensi tatu za mwanafunzi mwema kwa mkono wa kushoto.

Nilisahau jambo moja tu, kuzihamishia nyimbo mahali pasipoonekana. Nikasema nani atafungua folda ya Fundi.

Shangazi. Alifungua saa kumi, akitafuta risiti. Nilikuwa uani naanika nguo, nikasikia duka limenyamaza, kisha wimbo. Halafu mwingine. Majina ya nyimbo zile ni "Nimekungoja Dirishani", "Jirani wa Moyo Wangu", "Hujui Kama Nakutazama". Shangazi ni mjane mwaka wa sita sasa. Na Fundi anakaa barazani kwake, chini ya dirisha, mwaka wa nne.

Saa kumi na moja nilimwona amepaka wanja.

Jumamosi, tarehe 8

Leo lazima. Mwanangu kesho anarudi. Asubuhi nimepita dukani kutazama hali. Shangazi amevaa gauni la kijani nililomshonea akasema linambana. Halimbani tena. Amempelekea Fundi chai barazani, na Fundi ameishika kama mtu aliyepewa nyoka. Akaninong'oneza kwamba bosi leo ana jambo, labda anataka kumhamisha baraza. Nikamwambia anywe chai.

Nikavaa ndala za kwanza nilizozikuta mlangoni pa duka, nikarudi nyumbani mbio. Bibi kwenye swichi, mimi kwenye kitufe. Washa! Piga, piga, piga. Orodha. Flashi. Kioo cheusi. Mara nukta zikatokea, zinakimbizana. Kisha rangi! Kioo kizima rangi! Bibi akapiga kigelegele. Nikamziba mdomo. Katika orodha ya lugha nikakuta Kiswahili, nikafurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

Halafu vikaja vitufe viwili tu, kimoja Jaribu, kingine Sakinisha.

Karatasi ya Fundi inasema Sakinisha, kubali kila kitu. Nilikuwa nimekwisha peleka mshale pale pale. Lakini mkono ukakataa. Mimi sijawahi kutia mkasi kwenye kitambaa cha mtu kabla ya kumpima, na gauni silipigi cherehani mpaka nilishikize kwa uzi wa muda, mwenyewe alivae, ageuke, tuone. Mikono miwili ya kushoto ilinifundisha. Nikaiambia karatasi samahani, nikabonyeza Jaribu.

Ikafunguka. Nimeitazama tu, sijui pa kwenda. Hapo nikasikia sauti mlangoni.

"Wifi. Hiyo ndiyo kompyuta ya yule mama wa mbali mwenye aibu?"

Alikuwa Shangazi, miwani kwenye mnyororo, ananukia. Fundi alikuwa amemsimulia ili wapate la kuzungumza. Nikajibu ndiyo, ndiyo hiyo.

"Naona huyo mama wa mbali kavaa ndala zangu."

Nikazitazama ndala. Nikaanza kulia. Nikamwambia yote, kitambaa, homa, waya, asilimia arobaini na moja. Nikangojea asimulie sare ya harusi. Hakusimulia. Alivuta kiti, akavaa miwani, akauliza swali moja tu, nilibonyeza kipi. Nikasema Jaribu. Akashusha pumzi mpaka pazia likatikisika.

Akanieleza. Jaribu inaamka ndani ya flashi, haigusi kitu cha kompyuta. Sakinisha ingefuta kila kilichomo ili ijijengee nyumba yake. Fundi aliandika Sakinisha kwa sababu mimi nilimwambia ni sufuria tupu. Mwaka mzima wa mwanangu ungekwenda, na ningeukubali kila kisanduku kwa mkono wangu.

Nikatafuta pa kukaa. Bibi akaniletea kiti, na hakuacha kutazama swichi.

Shangazi akafungua hapa, akafungua pale, mpaka folda inaitwa Visima. Ripoti ile pale! Kurasa mia moja na nane na michoro yake. Kwenye mnyororo wa miwani yake huwa amening'iniza flashi ndogo ya dukani. Akaivua, akaichomeka, akanakili. Kisha akafungua akahakikisha kila ukurasa, mpaka wa mwisho. Sikuwahi kumpenda wifi yangu kama dakika zile.

Alipomaliza hakuinuka. Akawa anaifuta miwani.

"Wewe unakaa pale kwenye kompyuta saa za mchana," akasema. "Zile nyimbo kwenye folda ya Fundi, aliziweka lini?"

Ukweli ulikuwa umenijaa mdomoni. Nikamtazama. Wanja, gauni la kijani, uso wa msichana.

"Jana," nikasema. "Saa saba na dakika tano."

Saa ilikuwa ya kweli.

Jumapili, tarehe 9

Mwanangu karudi mchana, mweusi kwa jua, tope mpaka magotini. Ripoti imekwisha chapwa na kufungwa vizuri, kazi ya Shangazi, iko mezani, bado kisima kimoja tu cha kuongeza. Akaitazama ripoti, akaitazama kompyuta yenye sura mpya, akanitazama mimi.

Shangazi akawahi kusema kompyuta ilipata homa na mama yako alikaa nayo. Hakusema homa aliitoa wapi. Wifi yangu huyo! Mwanangu akauliza kwa sauti ya chini kama niliifunika. Nikasema kidogo. Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni na tope lake, kisha akanikumbatia, nikahisi moyo wake unavyokwenda mbio. Alijua ilikuwa karibu kiasi gani. Akasema anaomba kitu kimoja tu, nisishike tena kompyuta ya mtu yeyote. Nikaapa. Bibi naye akaapa, bila furaha.

Jioni nyimbo za Mzee zikasikika kutoka dukani. Mzee akainua kichwa. Akachukua kiti chake, akavuka ua, akakiweka barazani katikati ya Shangazi na Fundi, akafumba macho. Fundi alikuwa anamwambia Shangazi kwamba si yeye aliyeziweka, ila kama anaruhusiwa angependa kuendelea kuzisikiliza hapo. Shangazi akamjibu mtu mzima haoni haya. Akamwongezea chai.

Jumatano, tarehe 12

Ripoti imepokelewa juzi! Mwanangu yuko chuoni, amepiga simu, sauti imejaa. Nimeshukuru Mungu mara tatu, uani, jikoni na mbele ya cherehani.

Leo sina nafasi ya kuandika mengi. Habari za kompyuta kupona zimeenea, sijui nani kazieneza, mimi niliwaambia wateja wangu tu. Leo saa tatu mwalimu mkuu wa shule ya jirani kaja na kompyuta yake chini ya kwapa, inawaka halafu inazima. Kiapo nakikumbuka vizuri. Lakini mwanangu alisema nisiishike kompyuta ya mtu, na huyu si mtu tu, ni mwalimu mkuu. Nimemwandikia mwanangu kwenye simu hivi, nanakili hapa nisije nikasahau nilivyosema:

"Mwanangu, hatujambo wote. Bibi mzima, yuko kwenye swichi. Baba yako mzima, yuko barazani kwa Shangazi. Shangazi mzima, ananukia. Fundi mzima, anatetemeka kidogo. Paka mzima. Neno langu ni dogo. Nguo ikiharibika huwezi kuitengeneza bila kuifumua, kwa hiyo hii ya mwalimu mkuu nimeifumua yote, vizuri, nimepanga vipande juu ya kitambaa cheupe kwa ukubwa. Skrubu zilitoka kumi na nne. Matundu naona tisa. Kuna na kitu cha kijani kimevunjika pembeni, labda kilikuja hivyo. Nimemwahidi iwe tayari saa nane, na sasa ni saa sita na nusu. Usimwambie Shangazi. Nijibu upesi, mwanangu, Bibi anataka kuwasha."